Mizani Zinazoimbwa: Vitabu vya Taaluma ya Muziki na Nadharia ya Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mjadala juu ya ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970 uliacha swali moja la msingi bila jibu. Upande mmoja walisimama wanamapokeo, walioshikilia kwamba tungo isiyo na vina na mizani haistahili kuitwa shairi. Upande wa pili walisimama wanamabadiliko, waliodai kwamba vina na mizani ni pambo tu, na kwamba uhai wa shairi umo katika fikra, hisi na uteuzi wa maneno. Diwani ya E. Kezilahabi, Kichomi, ilipotoka mwaka 1974, ugomvi ulizidi, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, hoja za wanamabadiliko zilipata nguvu ya kinadharia. Hoja nyingi nzuri zilitolewa pande zote mbili. Hata hivyo, swali hili halikuchunguzwa kwa kina: mizani ni kipimo cha kitu gani?

Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kudokeza jibu katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) aliposhikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika lina kasoro. Wanamapokeo waliirudia kauli hiyo mara nyingi. Lakini wimbo wenyewe haukuletwa mezani ukachunguzwa. Tuliendelea kuhesabu silabi karatasini kana kwamba karatasi ndiyo inayoimba.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba njia ya kuliendea swali hilo imo katika vitabu ambavyo sisi walimu wa lugha huvisoma kwa nadra, yaani vitabu vya kitaaluma juu ya historia, nadharia na utamaduni wa muziki wa Afrika. Katika maktaba zinazofuata mpango wa Dewey, vitabu vya muziki huwekwa katika namba 780 na vile vya fasihi za Kiafrika katika namba 896. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, alilazimika kupanda ghorofa mbili kutoka rafu ya kwanza hadi ya pili. Mtunzi wa zamani wa Lamu au Mombasa hakuujua umbali huo. Tungo na mahadhi yake vilimtoka kinywani kwa pamoja. Tutavieleza kwanza vitabu hivyo kwa ufupi, kisha tutajaribu kuyatumia mafunzo yake katika vipande viwili vya Kiswahili, na mwisho tutataja upungufu wake na kazi inayotungoja.

2. Vitabu vya utamaduni: muziki ni nini?

Kitabu kilichoweka msingi katika uwanja huu ni The Anthropology of Music cha Alan Merriam, kilichotoka mwaka 1964. Merriam, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasongye wa Kongo, alipendekeza kwamba muziki uchunguzwe katika ngazi tatu: mawazo waliyo nayo watu juu ya muziki, matendo yao wanapoufanya, na sauti zenyewe zinazotokea. Ngazi hizi zinategemeana. Anayechunguza sauti peke yake ameshika tawi akaacha shina.

John Blacking aliendeleza fikira hizi katika How Musical is Man? (1973), kitabu kilichotokana na utafiti wake miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini. Kwa Blacking, muziki ni sauti zilizopangwa na binadamu, na mpango huo hauwezi kueleweka bila kuijua jamii iliyoupanga. Kabla ya hapo, katika Venda Children's Songs (1967), alionyesha jinsi lahani za nyimbo za watoto zinavyohusiana na toni za maneno yao.

Mafunzo haya yanatuhusu moja kwa moja. Chukua neno letu "ngoma". Ngoma ni ala inayopigwa. Ni mchezo unaochezwa. Ni mkusanyiko wa watu. Na kwa waganga ni njia ya kutibu wenye pepo. Neno "muziki" ni la mkopo, na aghalabu halifuniki yote hayo. Kwa hiyo anayeuliza "muziki wa Waswahili ni upi?" tayari ameligawa jambo ambalo lugha yenyewe haikuligawa. Kadhalika anayeuliza "shairi ni nini?" huku amelitenga na uimbaji, amefanya mgawanyo ambao huenda mtunzi wa kale asingeuelewa.

3. Vitabu vya historia: beni, lelemama na taarabu

Wanahistoria ndio waliotusaidia zaidi kuiona nguvu ya wimbo wa Kiswahili katika maisha ya watu. Terence Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa 1890-1970: The Beni Ngoma (1975), alifuata safari ya ngoma ya beni tangu ilipozuka katika miji ya pwani mnamo miaka ya 1890. Beni iliiga bendi za kijeshi za Wazungu, vyeo vyao na mavazi yao, lakini mashindano yake yalikuwa ya mitaa ya Waswahili, yenye mizizi mirefu kuliko ukoloni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliichukua hadi bara, na vyama vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika na kupita mipaka yake. Popote ilipofika, beni ilikwenda na nyimbo za Kiswahili. Anayeandika historia ya kuenea kwa lugha hii akawataja wafanyabiashara, wamisionari na maofisa bila kuwataja waimbaji wa beni, ameacha pengo.

Margaret Strobel, katika Muslim Women in Mombasa 1890-1975 (1979), alionyesha namna vyama vya lelemama vilivyowapa wanawake wa Mombasa uwanja wa uongozi na mashindano. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), aliitazama Unguja ya miaka ya 1890 hadi 1945 na kuzitumia nyimbo za Siti binti Saad kama ushahidi wa yale waliyoyazungumza watu wa kawaida juu ya haki, utajiri na heshima. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, na sahani zake ni miongoni mwa za kwanza kuibeba sauti ya Kiswahili katika santuri. Shaaban Robert alituandikia Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi anakijua. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuzisikiliza sahani hizo huku wameshika maneno yake mkononi?

Kelly Askew naye, katika Performing the Nation (2002), alichunguza ngoma, dansi na taarabu nchini Tanzania, na kueleza jinsi msikilizaji wa taarabu anavyoinuka kumtuza mwimbaji katika beti maalumu ili ujumbe umfikie anayekusudiwa. Ubeti ule ule ulioandikwa bila kumtaja mtu, ukiimbwa mbele ya hadhira fulani, hupata mlengwa. Hili ni somo la maana kwa nadharia yetu ya fumbo: maana ya fumbo haikai katika maneno peke yake.

4. Vitabu vya nadharia: lugha na lahani

Tunafika sasa kwenye vitabu ambavyo vinagusa swali la mizani hasa. A. M. Jones, aliyekuwa mmisionari katika nchi inayoitwa leo Zambia, alitoa mwaka 1959 juzuu mbili za Studies in African Music. Huko London alifanya kazi pamoja na Desmond Tay, mpigaji ngoma stadi wa Kiewe, na alitumia mashine iliyoandika mapigo ya mikono katika ukanda wa karatasi unaokwenda. Kwa njia hiyo aliweza kupima nafasi ya kila pigo. Jones aliweka mkazo katika jinsi midundo kadhaa inavyokwenda pamoja bila kuanzia mahali pamoja.

J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliingia katika muziki kupitia mlango wa lugha. Mwaka 1944 alikwenda London kusomea isimu, na huko alifundisha Kitwi. Katika The Music of Africa (1974) aliutenga uhusiano wa usemi na lahani, na ule wa usemi na mdundo, kuwa mada zinazojitegemea. Miaka ishirini baadaye, Kofi Agawu, naye wa Ghana, alikwenda mbali zaidi katika African Rhythm: A Northern Ewe Perspective (1995). Hakuanza na ngoma kubwa. Alianza na ishara za mwili na neno linalosemwa, kisha wimbo, kisha ala na mchezo. Na katika Representing African Music (2003) aliwakosoa waliotangulia kwa kuitukuza midundo ya ngoma hadi wakasahau kwamba chini yake ipo lugha inayosemwa kila siku.

Hata hivyo, hatuwezi kuyachukua mafunzo yao mazima mazima. Lugha walizozichunguza, Kitwi, Kiewe na Kivenda, ni lugha za toni. Lahani ikipanda mahali ambapo toni inashuka, neno laweza kupotoka. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakitumii toni kubainisha maneno. Kwetu sisi kilichopo ni mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, mathalan "lazima", ambalo baadhi ya watu hulitamka kwa mkazo wa mwanzo. Kwa hiyo swali letu ni hili: mkazo wa neno na pigo la wimbo vinaelewana vipi?

5. Jaribio katika vipande viwili

Tuchukue vipande viwili vya mizani nane nane, vilivyotungwa kwa ajili ya makala haya:

Mtu mwema ni hazina
Asali haina chumvi

Cha kwanza chagawanyika hivi: m-tu-mwe-ma-ni-ha-zi-na. Cha pili: a-sa-li-ha-i-na-chu-mvi. Hesabu ni nane pande zote mbili. Tuone kwanza jambo dogo lenye uzito. M ya "mtu" imehesabiwa kuwa mizani kamili, ilhali m ya "chumvi" haikuhesabiwa. Mwanafunzi huambiwa aikariri kanuni hii. Mwimbaji haikariri, kwa kuwa m ya "mtu" hupata noti yake pekee katika mahadhi, na ile ya "chumvi" haipati.

Sasa tutazame mikazo. Tukisema kwa kawaida, kipande cha kwanza kina mkazo katika mizani ya kwanza (m), ya tatu (mwe) na ya saba (zi). Cha pili kina mkazo katika mizani ya pili (sa), ya tano (i) na ya saba (chu). Hesabu ya silabi ni sawa, lakini mpangilio wa mikazo ni mbalimbali. Tuseme basi kwamba vyote viwili vinaimbwa kwa mahadhi mamoja yanayoweka pigo katika mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Kipande cha kwanza kitakaa vizuri, ijapokuwa "ni" itapata uzito usio wake. Katika cha pili, "a" na "li" zitapigwa, na "sa", yenye mkazo katika usemi, itapita bila pigo. Mtu akisema "asali" hivyo sokoni atachekwa. Akiimba, hapana atakayeshtuka.

Twaweza kupata mambo matatu hapa. Kwanza, mizani hazipimi mikazo ya maneno, wala hazikukusudiwa kuipima. Ni hesabu ya nafasi zilizomo katika mahadhi. Maadamu kila ubeti utaimbwa kwa mahadhi yale yale, kila mshororo hauna budi kuwa na silabi za kuzijaza nafasi hizo, zisizidi wala zisipungue sana.

Pili, ipo nafasi moja ambapo usemi na mahadhi hukutana daima, nayo ni ya saba. Kipande kikimalizika kwa neno la silabi mbili au zaidi, kanuni ya mkazo wa Kiswahili hulazimisha mkazo kuangukia mizani ya saba. Mwimbaji aweza kuyavuruga maneno mwanzoni na katikati, lakini mwishoni lugha hurudi mahali pake. Huenda hii ndiyo sababu mgawanyo wa vipande vya nane nane umedumu katika utenzi na katika shairi la mizani kumi na sita: kila baada ya mizani nane, sikio hupata kituo cha kupumzikia.

Tatu, tunapata mwanga juu ya kina. Katika Kiingereza urari wa vina huanzia katika irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno. Katika Kiswahili kina hutosheka na silabi ya mwisho, yaani silabi isiyo na mkazo. "Hazina" na "kuona" zinalandana kwa "na" tu. Kwa msomaji wa kimya, mlandano huo waonekana hafifu. Lakini waimbaji wetu aghalabu huivuta silabi ya mwisho wa kipande na kuipamba. Ikivutwa, silabi iliyokuwa dhaifu katika usemi huwa ndiyo inayosikika zaidi, na mlandano wake hukamilika. Kina chetu, kwa rai yangu, ni kina cha wimbo kabla ya kuwa kina cha maandishi.

6. Faida kwa pande zote mbili

Ikiwa hayo yana ukweli, basi wanamapokeo na wanamabadiliko wote wana la kupata na la kuachilia. Wanamapokeo walikuwa na haki kusema kwamba mizani si pambo. Lakini hawakuwa na haki kuzifanya sheria ya ushairi wote. Mizani zatokana na mahadhi, na mahadhi ni mengi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alitukumbusha kwamba zipo bahari nyingi kuliko shairi na utenzi, mathalan utumbuizo, wawe wa wakulima na kimai cha mabaharia, na kwamba si zote zinazofuata vina na mizani kama zinavyofundishwa shuleni. Tungo hizo ni za zamani, ni za Waswahili, na zinaimbwa. Anayeita kila tungo isiyo na urari guni atajikuta ameyafukuza baadhi ya mapokeo yenyewe.

Wanamabadiliko nao walikuwa na haki kusema kwamba shairi laweza kuishi bila mizani. Tungo ikihama kinywani ikaingia karatasini, mahadhi huachwa nyuma, na mizani hubaki bila kazi. Lakini kuivua kanzu hakutoshi. Lazima ujue utavaa nini. Mshairi wa mtindo huru aliyeacha pigo la wimbo hana budi kutafuta mdundo mwingine, nao katika lugha yetu waweza kutoka katika mikazo ya maneno, ile ile ambayo mahadhi ya kale yalikuwa yakiifunika. Tungo nyingi za mtindo huru hazikuvutia kwa sababu hazikufanya kazi hiyo ya pili.

Hili si jambo la wasomi peke yao. Katika madarasa yetu ya sekondari mwanafunzi huambiwa ataje idadi ya mizani, aina ya vina na jina la bahari, akapewa alama. Hufaulu mtihani bila kusikia hata ubeti mmoja ukiimbwa. Tunamfundisha kuhesabu hatua za mchezo ambao hajauona.

7. Upungufu wa vitabu hivi

Tumevisifu vitabu vya muziki. Yafaa pia tuseme vinapopungukiwa. Upungufu wa kwanza ni wa tafsiri. Katika baadhi yake maneno ya nyimbo hutolewa kwa Kiingereza tu, au asili yake huwekwa pembeni kama kiambatisho. Msomaji hupata ujumbe, lakini hawezi kuhesabu mizani wala kuona jinsi silabi zilivyokaa katika mahadhi. Wapo waliofanya vyema zaidi. Hugh Tracey, katika Chopi Musicians (1948), aliyaweka mashairi ya Wachopi wa Msumbiji kuwa sehemu ya kitabu sawa na ala zao. Na Frank Gunderson, katika Sukuma Labor Songs from Western Tanzania (2010), alitoa maneno ya nyimbo kwa Kisukuma pamoja na tafsiri. Huo ndio mfano wa kufuatwa.

Upungufu wa pili ni wa lugha ya taaluma yenyewe. Vitabu vyote tulivyovichambua hapa juu ya muziki vimeandikwa kwa Kiingereza, na anayetaka kuyaeleza yaliyomo kwa Kiswahili hukwama mapema. Neno "sauti" hutumika kwa maana ya kinachosikika, koo la mwimbaji, na sehemu ya kwaya, kama tusemapo sauti ya kwanza na ya pili. "Mahadhi" kwa wengine ni lahani na kwa wengine ni mdundo. Katika makala haya tumetumia "mahadhi" kwa lahani pamoja na mapigo yake, "pigo" kwa mahali penye uzito katika wimbo, na "mkazo" kwa uzito wa silabi katika usemi. Hatudai kwamba uteuzi huu ni wa mwisho; twadai tu kwamba bila uteuzi wowote hoja haziwezi kupimwa.

8. Hitimisho

Kazi tatu zinatungoja. Ya kwanza ni ya istilahi, nayo ni yetu hasa, kwa kuwa mwanamuziki hawezi kuifanya bila mwanaisimu. Ya pili ni ya kukusanya: kila diwani ya kale inayohaririwa ingefaa iambatane na sauti ya mtu ayajuaye mahadhi ya tungo zake, na rekodi zilizopo, zikiwamo zile alizozifanya Tracey katika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950, zisikilizwe upya na watu wanaoyaelewa maneno. Maandishi ya tungo yanaweza kungoja miaka mia katika kabati. Mahadhi hayangoji, kwani yamo vifuani mwa wazee. Ya tatu ni ya ufundishaji: idara ya lugha na idara ya muziki zikifundisha somo moja kwa ushirikiano, mwanafunzi atajifunza kuisikia bahari kabla ya kuitaja jina.

Jaribio letu la vipande viwili ni dogo, na lilitumia mahadhi ya kudhania. Linangoja kupimwa kwa tenzi na mashairi yaliyorekodiwa, ubeti kwa ubeti. Ikionekana kwamba mizani ya saba haina nafasi tuliyoipa, au kwamba kina hakivutwi kama tulivyodai, basi nadharia hii iachwe. Lakini iachwe kwa ushahidi wa sikio.